Miti ya Kuazimwa

Jumatatu, 9 Oktoba

Leo nimeanza kuchuma kahawa ya Kibii nikiwa kibarua wa ndugu yake.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikakaa nikiitazama. Haina kosa. Nilipokuwa mwalimu wa chekechea, kabla sijaolewa, nilikuwa nawaambia watoto kwamba sentensi nzuri husema jambo moja halafu hunyamaza. Basi hiyo ndiyo yangu ya msimu huu.

Kibii alikuwa mume wangu. Miti hii tuliipanda wawili mwaka tuliooana, hapa kwenye mteremko unaoangalia Solai, yeye akichimba mashimo na mimi nikibeba mbolea kwa karai. Mwaka jana homa ya mapafu ilimchukua. Udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wake Kipchirchir akaenda kwa Gathogo, mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika cha kahawa, akasema uanachama ni wa familia, na familia ni yeye, kwa sababu mimi nina binti tu, Kimberly. Gathogo akapiga muhuri. Chifu akaniambia ni mambo ya nyumbani. Wakili mmoja wa Nakuru alinisikiliza vizuri sana mpaka alipogundua nimekuja mikono mitupu. Nikaachiwa nyumba na kipande cha kupanda sukuma.

Mama mkwe wangu, ambaye sisi wote tunamwita Kogo, alikuwa kwenye kikao cha familia kilichoamua hayo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango akiangalia mikono yake. Hakusema neno.

Kwa hiyo simchukii Kipchirchir peke yake.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Hatukuchuma.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kipchirchir anapita katikati ya mistari na simu sikioni, akituonyesha kwa kidole matawi tuliyoruka. Kwangu anasema "wewe mama". Alipokuwa shule ya upili alikuwa anakula kwangu kila likizo, na nguo zake nilikuwa nafua mimi.

Jioni nimeomba. Sijawahi kumwombea mtu mabaya maishani mwangu. Leo nimeomba, na jina nimelitaja.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu. Ile ya kijani ikiingia kwenye debe inaharibu ladha ya zote, na kiwandani hawaipokei mpaka ichambuliwe. Mimi ndiye niliyemfundisha Kipchirchir hilo.

Leo nimechuma nyekundu na kijani pamoja. Nyekundu nimeweka juu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Ameingia mtegoni. Nilikuwa kiwandani nikisubiri kupimiwa, nikaona karani akimwaga kahawa ya Kipchirchir kwenye turubai, akaigeuza kwa mguu, akamwambia achambue yote kabla ya kurudi mezani. Wanachama wengine walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Akapiga magoti na suruali yake safi. Wingu lilikuwa limetanda juu ya Menengai na kila mtu alikuwa na haraka, kwa hiyo walimpitia pembeni kama mtu anayepita kando ya ng'ombe aliyelala njiani.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Kogo alikuwa ameketi kwenye benchi lake nje ya nyumba yake, chini ya kilima, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna.

Jumamosi, 21 Oktoba

Tena. Safari hii alilazimika kumwita mke wake aje amsaidie.

Jumatatu, 23 Oktoba

Amemfukuza Wangeci.

Wangeci anachuma mstari ulio kando yangu. Alikuja huku kutoka Elburgon baada ya mume wake kuangukiwa na gogo kwenye mashine ya mbao, na watoto wake wanategemea hilo debe. Kipchirchir alimwambia mbele yetu sote kwamba yeye ndiye anayeleta kahawa mbichi, kwamba hana haja na mikono michafu. Wangeci alifungua leso kiunoni, akaikunja, akaondoka. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, debe langu limejaa kijani chini na nyekundu juu.

Nilichuma mpaka saa ya kuacha. Kisha nikaenda kwake, nikamwambia ni mimi. Nilikuwa tayari anitukane. Wangeci aliendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo kwa muda, halafu akasema, "Mama Kim, ungeniambia mapema. Tungeweka kijani kwa madebe yote mawili, huyo mtu angelala pale kiwandani."

Tukacheka. Lakini nikiondoka nilimwona akihesabu viazi kabla ya kuvitia sufuriani, nikajua kisasi changu cha madebe kimekwisha. Kama nitampiga Kipchirchir, lazima nipate kitu kinachompiga yeye peke yake.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua. Wanasema redioni itakuwa kubwa mwaka huu.

Jumatatu, 30 Oktoba

Gathogo amekuja nyumbani kwangu. Mwenyekiti mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi vimejaa tope, amebeba sukari na unga kwenye mfuko. Alinisalimu kwa mikono miwili. Aliuliza habari za Kimberly, binti yangu, aliye shule ya bweni upande wa Lanet. Alisifu sukuma yangu. Nikamwacha azunguke mpaka achoke.

Mwishowe akatoa pakiti kwenye koti lake, akaiweka mezani.

Ilikuwa pakiti ya kahawa, ya karatasi nzuri, na juu yake kulikuwa na mimi.

Naikumbuka siku hiyo. Wazungu walikuja kuangalia mashamba, Kibii akiwa hai, na mmoja wao akapiga picha nikiwa na kikapu. Katika picha nimecheka mpaka macho yamefumba. Nilicheka kwa sababu Kibii alikuwa nyuma ya mpiga picha, amejitwika karai kichwani kama kofia ya askari, anapiga saluti. Hicho kicheko kilikuwa changu na chake. Sasa kimebandikwa kwenye kahawa, na kando yake kuna ile nembo ya biashara ya haki, ile ambayo chama chetu kiliipata baada ya kukaguliwa sana, inayofanya wanunuzi wa ng'ambo walipe zaidi ili sisi tujenge zahanati na kusomesha watoto. Chini kumeandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu ni Grace, mkulima mwenye miti yake mwenyewe, na kwamba kila kikombe kinamsaidia kusimama kwa miguu yake.

Mimi siitwi Grace. Naitwa Chepchumba.

Gathogo akaeleza. Wanunuzi wanakuja mwezi ujao. Mama mmoja anayeitwa Birgit, mkubwa wao, amesema hataondoka Kenya bila kumwona mama wa kwenye pakiti. Basi ninachotakiwa kufanya ni kidogo tu: nivae vizuri, nisimame kwenye miti, niseme mimi ni mwanachama, niseme Kimberly anasoma kwa pesa za nembo. Baada ya hapo wataona watakavyonifikiria, pengine kazi ya kuanika pale kiwandani.

Nilimwambia nitawaza. Akasahau pakiti mezani, au aliiacha makusudi.

Nimeisimamisha juu ya kabati. Inanicheka.

Alhamisi, 2 Novemba

Kipchirchir amenisimamisha njiani. Anasema ameongea na mwenyekiti na yeye hana neno. "Hiyo siku nitakuazima miti," akaniambia. "Asubuhi mpaka wageni waende."

Alisema hivyo kama mtu mkarimu. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa sauti ya upole sana, na wakati huohuo nilikuwa nachagua nitakachomfanya.

Jumapili, 5 Novemba

Kimberly amefunga shule. Aliiona pakiti kabla hajanisalimu vizuri. Akaisoma, akaigeuza, akaniuliza kama baba yake ndiye aliyekuwa ananichekesha. Sikujua kama anakumbuka.

Baada ya ibada, Cheruto alinivuta kando ya tangi la maji. Ni jirani, mumewe ni mwanachama. Habari imeshafika kila mahali. Aliniambia kwa utaratibu kwamba anajua nilichofanyiwa, hakuna asiyejua. Lakini mvulana wake yuko kidato cha tatu kwa basari ya pesa za nembo, na wageni wakiona ubaya wataondoa hiyo nembo, na kahawa ya kila mtu itauzwa kama kahawa yoyote. "Usituchome wote kwa sababu ya watu wawili," alisema.

Nikamuuliza siku waliponinyang'anya alikuwa wapi. Akasema alikuwa nyumbani kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli, na hakuona aibu.

Kimberly pia, tukirudi: "Mum, wewe chukua miti, unyamaze. Ukishapata yako, mambo ya Gathogo ni ya nini?"

Nina miaka ya kunyamaza iliyonitosha.

Jumatano, 8 Novemba

Wangeci amenipeleka kwa Njoki, kule ng'ambo ya mto, na kwa Jemutai nyuma ya shule. Wote ni wajane. Wote miti yao iliandikwa majina ya mashemeji, muhuri uleule. Njoki sasa anauza mkaa. Jemutai alinipa chai akasema yeye alishamwachia Mungu.

Nikamwambia mimi bado sijaacha.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua imekata barabara ya chini. Kahawa inaanguka ikiwa imeiva. Inaniuma kuiona, hata ikiwa ni ya Kipchirchir.

Jumatatu, 13 Novemba

Wageni ni kesho. Gathogo amekuja kuhakikisha niko tayari, nikamwambia sitoki nyumbani bila kadi ya uanachama yenye jina langu, sahihi yake na muhuri. Na Kipchirchir atie sahihi kwamba amerudisha miti. Alikasirika kidogo, kisha akacheka, kisha akakasirika kabisa. Akasema nitaipata baada ya ziara. Nikamwambia basi baada ya ziara ndipo nitavaa.

Ameondoka bila kuaga.

Jumanne, 14 Novemba

Wameileta. Wote wawili, asubuhi, wageni wakiwa tayari wamepita Nakuru. Kipchirchir alitia sahihi akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yangu, na alibonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Gathogo alipiga muhuri juu ya goti lake. Akanipa kadi akasema sasa tumeelewana, mambo ya nyuma tumeyazika, na akanikumbusha kwamba sisi wakulima tukiongea sana kwa Wazungu tunawachanganya.

Nikaiweka kadi kifuani, ndani ya blauzi. Miti ilikuwa yangu. Kimberly alinitazama kutoka mlangoni, na nilijua anachoniomba. Ningeweza kusimama pale, nicheke, nirudi nyumbani mwanachama. Nilikuwa nimeshinda.

Haikunitosha. Nataka niandike hivyo bila kujipamba. Sikwenda kule kwenye miti kwa ajili ya Njoki na Jemutai kwanza. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona Gathogo akianguka mbele ya watu, na nilitaka niwe mimi.

Wageni walikuja na magari mawili. Birgit ni mama wa makamo, mrefu, nywele fupi nyeupe, na buti za mvua alizokuja nazo kutoka kwao. Pamoja naye alikuwa Natalie, msichana wa Nairobi anayefanya kazi na hiyo ofisi ya nembo, wa kutafsiri. Wanachama walikuwa wamejaa mteremko mzima, wengine na miavuli. Cheruto alikuwa mbele. Kogo alikuwa ametoka kwenye benchi lake amesimama kwenye ua, mbali kidogo. Birgit aliponiona alishika mdomo, akatoa pakiti aliyokuja nayo, akanilinganisha na picha. Kila mtu akapiga makofi.

Gathogo alihutubia. Kisha akanipa nafasi.

Nilianza kwa jina. Nikasema siitwi Grace. Nikasema miti hii niliipanda na mume wangu Kibii, na alipokufa nikanyang'anywa na ndugu yake yule pale mwenye koti la bluu, kwa muhuri wa mwenyekiti huyu, na msimu huu wote nimeichuma kama kibarua.

Natalie alikuwa amefungua mdomo kutafsiri akasita. Alimtazama Gathogo, ambaye alikuwa anatikisa kichwa polepole. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," nikamwambia. "Usipunguze."

Akasema. Nilijua amesema vizuri kwa sababu uso wa Birgit ulibadilika kuanzia shingoni kwenda juu. Gathogo akaingilia kati kwa Kiingereza, haraka haraka, akisema mama ana uchungu wa kufiwa, kwamba yeye ni mwanachama halali, hata kadi anayo. Nilikuwa naisubiri hiyo. Nikaitoa kadi kifuani, nikampa Birgit mkononi. Muhuri ulikuwa bado unachafua vidole.

"Nimepewa leo asubuhi, mkiwa njiani," nikasema. "Muulizeni ya Njoki iko wapi. Muulizeni ya Jemutai."

Njoki alikuwa pale na gunia lake la mkaa. Hakuogopa. Akainua mkono.

Mvua ilianza na hakuna aliyekimbia. Gathogo alitafuta mahali pa kuweka macho yake na hakupata, na mimi nilimwangalia mpaka nikashiba. Kipchirchir aliondoka kupitia katikati ya miti akivunja matawi kwa bega.

Baadaye Birgit alinishika mikono yote miwili. Alikuwa analia. Alisema, Natalie akitafsiri, kwamba watu wa kwao wanapenda sana uso wangu, kwamba wananunua kwa sababu yangu. Nikamuuliza kama katika hao wote kuna mmoja aliyewahi kuuliza jina langu. Akaeleza utaratibu: jambo kama hili likithibitishwa, nembo inasimamishwa mpaka chama kirekebishe. Hata akitaka, yeye hawezi kulizuia.

Nikamuuliza nani ataumia nembo ikisimamishwa. Natalie alitafsiri, na Birgit akanirudishia kadi yangu.

Alhamisi, 16 Novemba

Cheruto hakuitikia salamu.

Jumatatu, 27 Novemba

Barua imefika. Nembo imesimamishwa. Kahawa iliyoko stoo itauzwa mnadani pamoja na nyingine zote, bila ile nyongeza. Wanaume wawili walisimama nje ya lango langu, wakazungumza kwa nguvu kuhusu wanawake wanaovunja nyumba za watu. Sikutoka. Nilikuwa jikoni na Kimberly, na hata yeye alikuwa ameninunia.

Nimefikiria sana. Makosa yalifanywa na wawili, hukumu imetolewa ng'ambo, na anayelipa ni mtoto wa Cheruto. Hiyo haki imesukwa na watu wanaokaa mbali na shamba. Lakini nikijiuliza kama ningerudi nyuma ninyamaze, sipati jibu la ndiyo. Natafuta majuto kwa bidii. Ninayopata ni ya Cheruto. Ya Gathogo sina.

Jumatatu, 4 Desemba

Mkutano maalum. Wanachama walimwondoa Gathogo kwa kura ya kuinua mikono. Walikuwa na hasira na mimi, lakini kwake walikuwa na zaidi, kwa sababu nembo haiwezi kurudi akiwa bado kitini. Wajane wote wameandikwa upya. Natalie alikuja kushuhudia. Akasema wakaguzi watakuja mwaka ujao, na mambo yakiwa sawa nembo itarudi.

Nilipiga kura yangu ya kwanza. Nilipoinua mkono nilimtafuta Gathogo kwa macho ili aone ni wa nani.

Kipchirchir hakuja.

Jumanne, 5 Desemba

Nimechuma na Wangeci, nimemrudisha kazini. Nyekundu tupu.

Jumapili, 10 Desemba

Kipchirchir amekata miti.

Tulikuwa kanisani. Katikati ya mahubiri tulisikia msumeno wa petroli ukinguruma upande wetu, kila mtu akadhani kuna mtu anapasua mbao, hakuna aliyegeuza shingo. Hata mimi. Niliimba wimbo wa mwisho mpaka mwisho.

Mstari kwa mstari. Ameikata usawa wa goti, na kuangusha kila mti upande wa chini, na kahawa iliyobaki juu yake imekanyagwa kwenye tope. Utomvu ulikuwa bado unatoka. Kimberly alikimbia kutoka mti mmoja hadi mwingine akiinua matawi kama mtu anayetafuta anayepumua. Mimi nilikaa chini palepale. Sikulia. Nilikuwa naona mbele yangu shingo ya Kipchirchir.

Wangeci alikuja, na Njoki. Halafu, nyuma yao, Cheruto. Alivua viatu vyake vya kanisani, akaanza kuokota kahawa kwenye matope.

Kogo hakuja. Siku za Jumapili haendi kanisani kwa sababu ya goti lake. Benchi lake linatazama miti yangu moja kwa moja. Mlango wake ulikuwa umefungwa.

Jumanne, 12 Desemba

Kituo cha polisi. Wamemhoji Kipchirchir wakamwachilia. Anasema Jumapili alikuwa Kikopey akila nyama na marafiki, na marafiki wamekubali kwamba walikula naye. Askari aliniambia anaona nilivyoumia, lakini bila mtu aliyeona kwa macho yake, faili itakaa tu.

Nikamwambia mtu aliyeona yupo. Akaniuliza kama huyo mtu atasema. Nikamwambia ni mama yake.

Askari alifunga faili.

Alhamisi, 14 Desemba

Nimepita mbele ya benchi la Kogo mara nyingi leo, bila sababu. Alikuwa amekaa. Tunaangaliana. Yule aliyenyamaza kwenye kile kikao ananyamaza tena. Nimekuwa nikisema Kipchirchir ndiye aliyeninyang'anya. Mwanamke huyu ndiye aliyemfungulia mlango, kila mara, kwa kufunga mdomo wake. Kipchirchir nikimkosa, nitabaki na yeye.

Wangeci anasema visiki vitachipua mvua ikiendelea. Anasema hata wataalamu wenyewe hukata kahawa ikizeeka. Nimemwambia haikuwa imezeeka.

Jumatatu, 18 Desemba

Kogo amekuja.

Amepanda kilima na fimbo yake, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilimwona tangu chini na sikwenda kumpokea. Alipofika mlangoni sikumngoja aketi. Nilimwambia kama amekuja kumwombea mwanawe, arudi, kesi siiondoi, hata aje na askofu.

"Sijaomba kitu," akasema.

Akaketi. Kimberly akamletea maji, akanywa yote. Halafu akasema, akiangalia mikono yake kama siku ile, "Hakuwa Kikopey."

Alieleza polepole. Alikuwa nje akianika mahindi, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka kidogo. Akamwona Kipchirchir akipita na msumeno begani. Alijua mara moja. Hakuweza kumkimbilia kwa lile goti, kwa hiyo alimwita kwa jina alilompa alipomzaa, ambalo watu wengine hawalitumii. "Akageuka," akasema. "Akaniangalia vizuri. Kisha akavuta kamba ya msumeno."

Akasema kwenye kile kikao alinyamaza akidhani anawapatanisha watoto wake, aliye hai na aliyekufa. Akasema ameona alichopatanisha. Atakwenda kwa polisi aseme.

"Nilikuwa na wawili," akasema. "Kibii mmemzika. Huyu ndiye aliyebaki. Sina mwingine."

Baada ya hapo aliinua uso na kuniangalia, na akaendelea kuniangalia. Nilielewa. Hakuwa anasubiri shukrani. Alikuwa anasubiri nimwambie, Kogo, inatosha, nimesikia, kaa nyumbani. Maneno hayo ni machache. Mtu mwenye huruma angeyasema bila kuyatafuta. Kimberly alikuwa ananitazama pia.

Nilimuuliza Kogo kama goti litamfikisha barabarani, au nimwitie bodaboda.

Jumanne, 19 Desemba

Tumekwenda. Nimemshika mkono kupanda na kushuka. Askari aliandika, akamsomea, akamuuliza mara mbili kama anasema kwa hiari yake na kama anaelewa mwanawe atafungwa. Kogo aligeuka akanitafuta. Sikutazama kando. Akasema ni kwa hiari yake, akabonyeza kidole gumba.

Wamemchukua Kipchirchir mchana, kutoka dukani, mbele ya watu. Nilisikia kutoka kwa Cheruto, ambaye alikuja mbio kuniambia, na nilimfanya anisimulie tena kuanzia mwanzo.

Kogo amekataa kurudi kwake. Amesema hawezi kukaa kwenye lile benchi. Basi yuko hapa kwangu. Nimepika ugali na mboga za managu, nimempakulia wa kwanza, inavyopasa. Mimi nimekula nikashiba. Sahani yake iko mbele yake mpaka sasa, ugali umekuwa mgumu, na sijaiondoa.